Raha ya Mgeni Msituni: Funzo la Karura

Wako wanaodhani kwamba kwenda msituni kwa mapumziko ni desturi ya kigeni, iliyoletwa na watu wa mijini wenye magari. Dhana hiyo haina msingi. Wahenga wetu waliujua msitu kuwa mahali pa kivuli, pa dawa, pa sala na pa mashauri. Wakikuyu waliuheshimu mti wa mugumo. Wamijikenda nao hata leo wanazihifadhi kaya zao za pwani, na baadhi yake ziliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia. Mambo yaliyo mageni kwetu ni lango, ua na tikiti. Kwa hiyo, tukitaka kupima raha aipatayo mtu msituni, hatuna budi kuuliza kwanza: msitu huo ni wa nani?

Tuchukue mfano wa Msitu wa Karura, ulioko kaskazini mwa jiji la Nairobi, wenye ukubwa wa hekta 1,000 hivi. Serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Mahali pengi miti ya asili iliondolewa, ikapandwa mikaratusi na miti mingine ya kigeni kwa ajili ya kuni na mbao. Wenyeji waliozoea kuokota kuni na kuchunga pale waligeuzwa wavamizi kwa nguvu ya sheria. Yasimuliwa pia kwamba mapango yake yaliwaficha wapiganaji wa Mau Mau. Hao walitafuta usalama pale, wala si burudani.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, msitu ulibaki mali ya umma. Lakini katika miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa kwa siri kwa watu waliotaka kujenga majumba. Mwaka 1998 Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement walianza kuupinga ugawaji huo kwa kupanda miche. Tarehe 8 Januari 1999 walishambuliwa kwa marungu na mijeledi karibu na lango, naye Profesa akajeruhiwa kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana. Mwezi Agosti mwaka huo Rais Moi alitangaza kupiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Msitu uliokoka, lakini watu hawakuingia, maana ulikuwa na sifa mbaya ya wanyang'anyi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ilifungua njia kwa wananchi kushirikiana na serikali katika utunzaji. Chama cha marafiki wa Karura kikaundwa, ua wa umeme ukajengwa, na vijana wa vitongoji vya jirani wakaajiriwa kufanya doria. Tangu mwaka 2011 familia, wakimbiaji na wapanda baiskeli wamekuwa wakizijaza njia zake.

Je, raha yao tuipime kwa kipimo gani? Wataalamu hupima joto, unyevu, upepo, kelele, na hata mapigo ya moyo. Nchini Japani idara ya misitu ilianza mwaka 1982 kuwahimiza raia waende misituni kwa ajili ya afya. Vipimo hivyo ni vya kweli: majani huzuia jua na kutoa unyevu, hivyo chini ya miti huwa baridi kuliko kwenye lami. Lakini kivuli hakimnufaishi mwenye hofu. Huko Karura miti ilikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni amani ya moyo. Mwanamke anayeweza kutembea peke yake, bila kugeuka nyuma kila hatua, ni kipimo bora kuliko kipimajoto.

Iko kasoro moja katika tathmini nyingi za namna hii: huulizwa wale tu waliokwisha kuingia. Mama wa kitongoji cha jirani, ambaye kiingilio cha watoto wake kinalingana na unga wa siku, hayumo katika hesabu, ingawa kivuli kile ni chake pia. Wahenga walisema, akufukuzaye hakwambii toka. Ua uliowazuia wanyang'anyi waweza vilevile kumzuia mwenyeji, ikiwa bei ya lango haikupangwa kwa kumfikiria.

Walimu wakiwapeleka wanafunzi msituni, na wawafundishe majina ya miti, na pia adabu tuliyoirithi kutoka kaya: kutembea kwa utulivu, kutokata, kutochafua. Kisha wawaulize: nani hayupo hapa, na kwa nini? Watakaojibu swali hilo kwa uaminifu watakuwa wamefahamu kwa nini watu walikubali kupigwa kwa ajili ya miche.