Ng'ombe Aliyekufa Hayumo Daftarini

Mzee mmoja wa Laisamis alinitolea karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. "Hii ndiyo fidia ya ukame," alisema. Kote Marsabit, kaskazini mwa Kenya, nilikuwa nimesikia maneno hayohayo: ukame uliua mifugo, serikali ikalipa. Nilichotafuta ni daftari la ng'ombe waliokufa. Je, lipo?

Niliikunjua karatasi. Mwaka ulikuwa umefutika kwa jasho, lakini neno moja lilisomeka: mauzo. Katika ukame wa 2011, na tena 2017, serikali ilinunua mifugo iliyokonda ili mfugaji aambulie chochote. Aliyeuza alilipwa kwa mnyama aliye hai. Basi aliyeamkia mizoga alilipwa na nani?

Fununu ya pili ilinipeleka kwenye fedha zinazotumwa kila miezi miwili kwa kaya maskini za kaskazini. Kuna kipindi kila kaya ilipata shilingi 5,400. Kumbe nimeingia kichochoro kisichopenya: fedha hizo hufuata umaskini wa kaya, na ukame ukizidi huongezwa kaya nyingine. Hakuna anayeulizwa ngamia wake wangapi wamekufa. Sasa mbona watu husema wamelipwa kwa ajili ya mifugo?

Jibu lilikuwa bima. Ilianza kuuzwa Marsabit Januari 2010, na malipo ya kwanza yakatoka Oktoba 2011. Mwaka 2015 serikali ilianza kuwalipia wafugaji ada, ikianzia Turkana na Wajir, hadi vizio vitano kwa kaya. Kizio kimoja ni ng'ombe mmoja, au mbuzi kumi. Nikadhani nimefika. Lakini mizoga ilihesabiwa na nani?

Haikuhesabiwa. Setilaiti ilipima ukijani wa malisho. Ukishuka chini ya kiwango cha eneo, kila mwenye bima pale alilipwa, awe amepoteza mifugo au hakupoteza. Hapo nami nikaingiwa na shaka. Mti wa mathenge hubaki kijani nyasi zikiwa zimekauka, na picha ya angani haijui ng'ombe anakula nini. Je, ndipo yalipozaliwa manung'uniko kwamba pesa ziliishia njiani?

Huenda, kwa sehemu. Sikupata ushahidi wa kumtuhumu mtu, wala wa kumsafisha. Ila majirani wawili wanaweza kutenganishwa na mpaka wa vipimo, mmoja akalipwa na mwenzake akakosa, bila mkono wa mwizi. Kilichonisumbua zaidi ni mikataba yenyewe. Ule wa 2010 ulikadiria vifo kutokana na ukijani. Baadaye mpango ukawa kulipa mapema, mfugaji anunue majani na maji mnyama angali amesimama. Nani aliwaeleza wafugaji mabadiliko hayo?

Nilirudi kwa mzee nikamsomea karatasi yake, mstari kwa mstari. "Kwa hiyo waliokufa hawakulipwa?" Hawakulipwa, mzee wangu. Njia zote tatu nilizofuata, hakuna hata moja iliyolipia mzoga. Kuziita fidia kumewafanya watu wangojee deni ambalo halikuandikwa popote. Anayeandikisha wafugaji na awaambie hivyo kwa lugha yao, mvua zingali zinanyesha.