Miaka 90 ya Maabara ya Entebbe

Virusi vya West Nile, Zika, Bwamba, Semliki Forest, Bunyamwera, chikungunya na o'nyong-nyong vilitambuliwa kwa mara ya kwanza na watu wa taasisi moja. Makao yake yako kwenye Barabara ya Nakiwogo, mjini Entebbe, karibu na maji ya Ziwa Viktoria. Mwaka 2026 Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, maarufu kwa kifupi cha UVRI, inatimiza miaka 90. Ni taasisi ya Uganda, lakini kwa miaka 27 ilikuwa mali ya Afrika Mashariki nzima, na Watanzania na Wakenya wengi wa leo hawajui kwamba na wao wana sehemu katika historia hiyo.

Entebbe ilikuwa imezoea watafiti wa maradhi tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliangamiza watu zaidi ya 200,000 katika Busoga na Buganda, na wanasayansi kutoka Uingereza walipiga kambi mjini hapo kutafuta chanzo chake. Lakini taasisi iliyoanzishwa mwaka 1936 ilikuja kwa sababu nyingine. Wakfu wa Rockefeller wa Marekani, kwa kushirikiana na serikali ya kikoloni ya Uganda, ulifungua Taasisi ya Utafiti wa Homa ya Manjano.

Hofu ya wakati huo ilitokana na ndege. Homa ya manjano ilijulikana Afrika Magharibi na Amerika, na Asia haikuwa nayo, ingawa mbu wa kuieneza walikuwa tele huko. Safari za anga zilikuwa zimeanza kuunganisha Afrika na India kwa siku chache tu. Je, ugonjwa ungepanda ndege?

Jibu lilianza kutafutwa kwenye damu za watu. Njia iliyotumika ilikuwa rahisi kuieleza ingawa ilidai kazi nyingi: majimaji ya damu ya mtu yanachanganywa na virusi vya homa ya manjano, kisha panya wanadungwa mchanganyiko huo. Panya wakinusurika, mtu huyo ana kingamwili, maana yake aliwahi kuambukizwa. Vipimo vilionyesha kwamba watu wengi wa Uganda na Sudan walikuwa na kingamwili hizo, ilhali hakuna aliyekumbuka mlipuko wa homa ya manjano katika sehemu hizo. Ugonjwa ulikuwepo bila kuonekana, na hakuna aliyejua ulikojificha.

Katika kuusaka, watafiti walianza kukutana na mambo wasiyoyatarajia. Mwaka 1937 walichukua damu ya mwanamke mwenye homa huko Omogo, katika wilaya ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Virusi walivyovipata havikuwa vya homa ya manjano wala vya ugonjwa wowote uliojulikana. Kenneth Smithburn na wenzake walivitangaza mwaka 1940 kwa jina la wilaya hiyo. Miaka 62 ilipita tangu damu ile ichukuliwe mpaka virusi hivyo vilipotokea New York mwaka 1999, vikaua watu saba jijini humo na viungani mwake, kisha vikasambaa Marekani nzima. Madaktari wa huko hawakulazimika kuanza na kurasa tupu.

Kazi kubwa kuliko zote katika miaka hiyo ya mwanzo ilifanyika Bwamba, magharibi mwa Uganda, bondeni chini ya milima ya Rwenzori, mpakani mwa Kongo. Hapo ndipo Alexander Haddow, Mskoti aliyejiunga na taasisi mwaka 1942, alipojenga sifa yake. Badala ya kutafuta mbu ardhini peke yake, alijenga majukwaa juu ya miti, katika ngazi mbalimbali za msitu, na kuwaweka watu huko mchana na usiku, saa 24 mfululizo, kwa zamu. Kila saa waliandika ni mbu gani wametua na kuuma, na kwa urefu gani kutoka ardhini.

Madaftari hayo yalifichua siri ya homa ya manjano. Mbu aitwaye Aedes africanus huishi juu kwenye vilele vya miti na huuma jua linapozama, wakati kima wamepanda kulala. Yeye huvipitisha virusi kutoka kima mmoja hadi mwingine, na binadamu hana habari. Kisha kima hushuka kuiba ndizi mashambani, na huko wanakutana na mbu wa pili, aliyejulikana kama Aedes simpsoni, anayezaliana kwenye maji yanayotuama katika makwapa ya majani ya migomba na magimbi. Mbu wa shambani humuuma kima, halafu humuuma mkulima. Kwa hiyo maradhi yaliyodhaniwa kuwa ya miji na bandari yalikuwa na makazi yake msituni, na kumaliza mbu wa mjini kusingeyafuta duniani.

Hapa pana jambo linalopaswa kusemwa waziwazi katika maadhimisho haya. Waliokaa juu ya majukwaa hayo, miguu wazi, wakiwasubiri mbu watue ili wawanase kwenye vichupa kabla ya kuumwa au hata baada ya kuumwa, walikuwa wenyeji wa Bwamba na Buganda. Walijua njia za msituni, miti na nyendo za kima. Makala za kisayansi zilitoka na majina ya Wazungu, na watu hao wakabaki kutajwa kwa jumla kama wasaidizi. Taasisi inayoheshimu miaka yake 90 ina wajibu wa kupekua kumbukumbu zake na kuwaandika kwa majina yao.

Njia hiyohiyo ya majukwaa ndiyo iliyoleta Zika. Kando ya barabara ya Entebbe kwenda Kampala upo msitu mdogo uitwao Zika, na humo waliwekwa kima wa Asia ndani ya vizimba juu ya miti, wawe mtego wa homa ya manjano. Aprili 18, 1947 joto la mwili la kima nambari 766 lilipanda hadi nyuzi 39.7. Damu yake ilichukuliwa siku ya tatu ya homa na kudungwa panya, na panya wakaugua. Januari 1948 virusi vilevile vilipatikana ndani ya mbu Aedes africanus walionaswa msituni humo. George Dick, Stuart Kitchen na Haddow walichapisha matokeo mwaka 1952. Baadaye, karibu mwaka 1960, mnara wa chuma wa futi 120, takriban mita 36, ulihamishiwa Zika ili mbu wachunguzwe kwa kila kimo.

Kwa zaidi ya nusu karne Zika ilibaki kuwa habari ya wataalamu wachache. Mwaka 2007 ililipuka kisiwani Yap, katika Pasifiki, ambako karibu robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Ilifika Brazil, watoto wakaanza kuzaliwa na vichwa vidogo kupita kiasi, na Februari 1, 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura. Waandishi wa habari kutoka kila upande walimiminika Entebbe. Walimkuta Louis Mukwaya, mtaalamu wa wadudu wa Uganda ambaye kazi yake hapo ilianza katika miaka ya 1960. Huyu ndiye aliyechunguza kwa nini mbu Aedes simpsoni wa Bwamba huuma watu ilhali wa sehemu nyingine za Uganda hawana tabia hiyo, akaonyesha kwamba tofauti hiyo hurithiwa. Utafiti wake ulikuwa wa miaka ya 1970, na ulisomwa upya kwa makini kila ilipozuka hofu ya homa ya manjano.

Mwaka 1950 Rockefeller walikabidhi taasisi kwa mamlaka ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanganyika, ikaitwa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Afrika Mashariki. Miaka miwili baadaye ilipata mtihani wake wa kwanza wa kikanda. Huko Newala, kusini mwa Tanganyika, juu ya uwanda wa Makonde, watu walianza kuanguka kwa homa na maumivu makali ya viungo yaliyowafanya washindwe kusimama wima. Daktari Marion Robinson aliuandika ugonjwa huo, na W. H. R. Lumsden akatoka Entebbe kwenda kuuchunguza. Uwanda ule una shida ya maji, kwa hiyo watu waliyahifadhi majumbani katika vyombo, na mbu walizaliana humohumo. Damu za wagonjwa zilisafirishwa hadi Entebbe, ambako R. W. Ross alivitenga virusi vya chikungunya.

Wakazi wa mwambao wanaufahamu ugonjwa huo vizuri. Mwaka 2004 uliikumba Lamu, watu wengi wa mji huo wakaugua katika msimu mmoja wa ukame, kisha ukafika Mombasa, Komoro, Réunion na India. Sampuli za Newala, zilizotunzwa nusu karne kabla, zilikuwa mojawapo ya vipimo vya kulinganishia virusi vipya.

Mwaka 1959 zamu ilikuwa ya o'nyong-nyong, iliyoanzia Acholi, kaskazini mwa Uganda, na kuwapata watu wapatao milioni 2 Afrika Mashariki kabla ya kutulia. Entebbe iligundua kwamba inaenezwa na mbu wa malaria, jambo lisilo la kawaida kwa virusi vya aina hiyo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na taasisi ikabaki mikononi mwa Uganda wakati nchi yenyewe ilikuwa katika dhiki ya utawala wa Idi Amin. Miaka hiyo haina mengi ya kusimulia zaidi ya uvumilivu wa wachache waliobaki kazini.

Ukimwi ndio uliobadilisha kila kitu. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao wa nje walitangaza katika jarida la Lancet ugonjwa mpya wa kukonda uliokuwa ukiua watu Rakai na Masaka, na kuuhusisha na virusi vya ukimwi. Serikali ya Uganda haikuficha. Iliwaalika watafiti, na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza likafungua kituo ndani ya UVRI. Tangu 1989 vijiji vya Kyamulibwa vimekuwa vikifuatiliwa mwaka baada ya mwaka, wakazi wakihesabiwa na kupimwa, vizazi kwa vizazi. Mradi wa Rakai, nao ukiwa na uhusiano na taasisi hiyo, uliwashirikisha wanaume 4,996 na kuthibitisha mwaka 2007 kwamba tohara hupunguza kwa takriban nusu uwezekano wa mwanamume kuambukizwa.

Jaribio lililowafaa wagonjwa wengi pengine kuliko mengine yote lilikuwa lile lililoitwa DART. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dawa za kufubaza virusi zilikuwa zikianza kufika Afrika, na wapo waliodai kwamba haziwezi kutolewa vijijini kwa kuwa huko hakuna maabara za kupima damu ya mgonjwa kila baada ya miezi michache. Wagonjwa 3,316 wa Entebbe, Kampala na Harare waligawanywa makundi mawili: moja lilifuatiliwa kwa vipimo vya maabara vya mara kwa mara, jingine kwa uchunguzi wa daktari na muuguzi. Baada ya miaka mitano asilimia 90 ya kundi la kwanza walikuwa hai, na asilimia 87 ya kundi la pili. Tofauti ilikuwepo, lakini ilikuwa ndogo mno kuwanyima watu dawa. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2010, yaliipa nguvu hoja ya kuzipeleka dawa hadi kwenye zahanati. Ni ushahidi uliopatikana Afrika, kwa wagonjwa wa Afrika, kuhusu swali la Afrika.

Ebola ilipoizuru Gulu mwaka 2000, sampuli za kwanza zilipelekwa Afrika Kusini ndipo jibu likajulikana. Watu 224 walikufa, akiwemo Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor. Kufikia mwaka 2011 Entebbe ilikuwa na maabara yake ya kuthibitisha ugonjwa huo. Septemba 2022 ilipotokea Mubende, jibu lilitoka Nakiwogo. Januari 30, 2025 mlipuko mwingine ulipotangazwa Kampala, jaribio la chanjo lilianza siku nne tu baadaye, chini ya watafiti wa Makerere na UVRI. Katikati ya matukio hayo kulikuwa na korona: kisa cha kwanza cha Uganda kilithibitishwa hapo Machi 21, 2020, na madereva wa malori waliolala foleni Malaba na Busia walikuwa wakisubiri majibu ya sampuli zilizopelekwa Entebbe.

Leo taasisi inaongozwa na Profesa Pontiano Kaleebu, mtaalamu wa kinga ya mwili, na wanasayansi wa Uganda ndio wanaoandika majina yao mwanzoni mwa makala. Hayo ni mabadiliko makubwa kuliko mnara wowote. Hata hivyo sehemu kubwa ya fedha za utafiti bado inatoka Uingereza, Marekani na Ulaya, na mfadhili akibadili mawazo huko kwao, utafiti husimama Entebbe.

Virusi vya Newala havikuuliza mpaka uko wapi, na Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwahi kulielewa hilo zikaigharamia maabara moja kwa pamoja. Jumuiya ya sasa ina nchi wanachama nane na Kamisheni ya Utafiti wa Afya yenye makao Bujumbura. Wabunge wa Afrika Mashariki walioko Arusha wanaweza kuirudisha desturi ile katika bajeti ijayo: mfuko wa kudumu wa kikanda utakaolipa mishahara ya wataalamu wa wadudu na umeme wa majokofu ya sampuli Entebbe, Kilifi, Ifakara na kwingineko. Waufungue kabla mlipuko mwingine haujawalazimisha.