Udhibiti wa vifaa kwenye waifai ya nyumbani

Udhibiti wa vifaa ni utaratibu wa kuamua simu, kompyuta au televisheni ipi itumie intaneti ya ruta ya nyumbani na ipi ikataliwe. Kwa mkazi wa Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu mkoani Simiyu, mwenye ruta ya laini ya simu, jambo hili linagusa mfuko: simu ya jirani ikijiunga, inakula bando lilelile.

Ruta hukitambua kifaa kwa anwani ya MAC, yenye tarakimu na herufi 12. 6 za kwanza kwa kawaida humtaja mtengenezaji. Mwenye ruta huandika 192.168.1.1 au 192.168.8.1 kwenye kivinjari, kutegemea aina ya ruta, huingia kwenye mipangilio na kuona vifaa vilivyounganishwa. Hapo huchagua kuzuia vilivyotajwa tu, au kuruhusu vilivyotajwa tu. Njia ya pili ni kali zaidi, ila kila mgeni itabidi aandikishwe.

Orodha hiyo si ulinzi wa kutegemewa. Anwani za MAC hupita hewani bila kufichwa, hata pale mawasiliano yenyewe yamefichwa, hivyo mjuzi huweza kunakili ile ya kifaa kilichoruhusiwa. Tena, tangu Android 10 (2019) na iOS 14 (2020), simu zinaweza kutumia anwani ya kubuni kwa kila mtandao. Kijana aliyezuiwa jioni hugeuza mpangilio mmoja akarudi kama mtu mpya.

Kinga yenyewe ni nywila, chini ya viwango vya usalama wa waifai vya WPA2 (2004) au WPA3 (2018). Kiwango cha awali, WEP ya mwaka 1997, kilishavunjwa 2001, hakifai kabisa. Nywila ya WPA2 huwa na herufi 8 hadi 63, na namba ya simu ya mwenye nyumba ni chaguo baya. Ukiibadili, vifaa vyote hutoka kwa pamoja. Ibadili pia nywila ya ukurasa wa mipangilio, ambayo watu wengi huiacha kama ilivyotoka dukani.

Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini. Hata hivyo laini ya ruta imesajiliwa kwa alama za vidole za mwenyewe, na uhalifu ukipitia humo, yeye ndiye ataulizwa kwanza.

Aliyejifungia nje kwa kukosea orodha hubonyeza kwa pini kitufe kilichomo kwenye tundu dogo la ruta. Mipangilio yote hufutika, na nywila hurudi kuwa ile iliyobandikwa kiwandani.