Stesheni tatu zilizorukwa

Wiki iliyopita kwenye kipindi niligusia stesheni ya Victoria, hapa St. Paul, Minnesota, halafu muda ukatuishia. Haya, tumalizie hapa.

Treni ya Green Line inapita University Avenue, ikiunganisha Minneapolis na St. Paul, kama maili 11. Kwenye mpango wa awali, upande wetu wa mashariki stesheni ziliachana maili nzima: Snelling, Lexington, Dale. Hamline, Victoria na Western zilirukwa. Na hapo ndipo wanapokaa watu wengi wasio na gari: Wamarekani weusi, Wahmong, Wasomali, na sisi wengine. Mama alipanda basi namba 16 barabara hiyo hiyo miaka mingi, na treni ikianza, basi hilo lilikuwa lipunguzwe. Sasa fikiria nusu maili kwa miguu mwezi wa Januari, barafu chini, mfuko wa unga mkononi.

Kilichoziangusha ni hesabu. Washington ndiyo iliyotoa karibu nusu ya pesa, na ilipima miradi kwa kulinganisha gharama na muda ambao abiria wangeokoa. Kila stesheni inaongeza gharama na kuichelewesha treni. Ongeza tatu, mradi mzima unaweza kukosa pesa.

Lakini wazee wa mtaa walishawahi kuletewa ramani. Rondo, mtaa wa Wamarekani weusi, ulipasuliwa katikati na barabara kuu ya I-94 miaka ya 1950 na 1960. Mamia ya familia zilihamishwa. Kumbe treni nayo ingewapita tu? Makundi ya mitaa yakaungana kwenye kampeni waliyoiita Stops for Us. Mwanzoni walikubaliwa nusunusu: misingi ichimbiwe chini, stesheni zijengwe siku nyingine. Hawakunyamaza. Waliibana hadi ile kanuni yenyewe, na Januari 2010 waziri wa uchukuzi, Ray LaHood, akatangaza kuilegeza. Muda si mrefu stesheni zote tatu zikaingia kwenye mradi. (Ndiyo, kanuni ya nchi nzima. Mimi bado inanishangaza.)

Treni ilianza tarehe 14 Juni 2014, na wikendi ile safari zilikuwa bure. Tulipandia Victoria, jukwaa limejaa watu. Mama akaangalia huku na huku, akaniuliza, “Mwanangu, hapa ndipo walisema hakuna abiria?”