Ukoo wa Mwamuyinga na Nyanda za Njombe

Ukoo wa Mwamuyinga, ulioitawala Uhehe kwa nguvu katika nusu ya pili ya karne ya 19, ulianza na mwindaji mgeni. Simulizi za ukoo zinamwita Mufwimi. Alifika Nguruhe, kwenye vilima vya Kilolo ya leo, akapokelewa na mtwa, yaani mtawala, wa hapo, akazaa na binti wa mtwa aitwaye Semduda, kisha akauawa na nyati porini. Mtoto aliyeachwa ndiye Muyinga. Hadithi ya mwindaji anayekuja na nyama na kuacha watawala inasimuliwa pia Usambara, ambako Wakilindi wanamtaja Mbegha kuwa baba yao. Kazi ya hadithi hiyo ni ileile kote kuwili: inaupa ukoo haki mbili kwa pamoja, ugeni wa baba unaouweka juu ya ugomvi wa wenyeji, na uzawa wa mama unaoufunga na ardhi.

Kwa vizazi kadhaa haki hizo hazikuzaa dola. Wajukuu wa Muyinga waligawana vilima, kila mmoja na watu wake, sawa na watwa wengine wengi wa nyanda hizo. Aliyevunja hali hiyo ni Munyigumba, mwana wa Kilonge.

Munyigumba alikuta zana za kazi yake zikiwa tayari mikononi mwa jirani. Wangoni walipopita nyanda za kusini wakitokea mbali kusini mwa Afrika, Wasangu wa bonde la Usangu walijifunza kwao mkuki mfupi wa kuchomea, ngao kubwa, na vijana wanaolelewa pamoja kwenye boma la mtawala mpaka wawe jeshi. Wahehe nao wakajifunza kwa Wasangu, baada ya kupigwa nao. Kwa jeshi la namna hiyo Munyigumba aliwaunganisha watwa wadogo mmoja baada ya mwingine, wengine kwa vita, wengine kwa kuoa kwao. Kisha akawageukia walimu wake, na Merere, mtwa wa Usangu, akasukumwa kuelekea magharibi.

Upande wa kusini wa dola hiyo changa ulikuwa Ubena, nchi ya baridi na ukungu yenye miji ya Njombe na Makambako leo. Umbo la nchi lenyewe liliialika vita. Panapokutana leo barabara ya Songea na ile ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, pale Makambako, ndipo pia nyanda za Ubena zinapopakana na njia za kuingia Usangu na Uhehe. Jeshi lolote lililotaka kwenda kwa jirani yake lilipita kwa Wabena au kando yao. Wabena walikuwa na watwa wengi, na hakuna mmoja aliyewaweka wote chini yake. Hapo ndipo penye tofauti kubwa kati yao na Wahehe, maana lugha zao zinakaribiana sana, mila zao vilevile, na hata cheo cha mtwa ni kimoja. Wahehe walipata ukoo uliomeza koo nyingine mapema. Ubena koo zilibaki zikipimana nguvu, na waliokuja kutoka nje walipata kila mara mtwa mmoja wa kumtumia dhidi ya mwenzake. Watu wa ukoo wa Mtengela, waliokuwa miongoni mwa wenye nguvu zaidi, walibanwa na Wahehe mpaka wakateremka kuelekea bonde la Kilombero na kujenga utawala mpya huko, wakiwa na kisasi chao.

Munyigumba alifariki karibu na mwaka 1879, na dola ikakaribia kufa pamoja naye. Mwambambe, mkwe wake aliyekuwa na jeshi mkononi, alitaka kiti. Mkwavinyika, mwana wa marehemu, ambaye dunia inamjua kwa jina la Mkwawa, alikimbilia Ugogo akiwa kijana. Roma ya kale iliona mchuano unaofanana na huu mwaka 193, watu watano walipodai ufalme ndani ya mwaka mmoja, na mshindi akawa Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo. Severus alikuwa na majeshi lakini hakuwa na nasaba, kwa hiyo baada ya ushindi alijitangaza kuwa mwana wa Marcus Aurelius, mfalme aliyekwisha kufa. Uhehe mambo yalikuwa kinyume. Mwenye jeshi alikuwa Mwambambe, mwenye damu alikuwa Mkwawa, na damu ikavuta jeshi: wazee waliokuwa wamekula kiapo kwa baba walimrudisha mwana. Mwambambe aliuawa, na mahali pa mapigano ya mwisho pakabaki na jina la Lundamatwe, palipolundikwa mafuvu.

Vita kati ya Wahehe na Wangoni viliendelea wakati huohuo, vikaisha kwa mapatano karibu na mwaka 1882, pande zote mbili zikiwa zimechoka. Historia nyingi hutaja mapatano hayo kama heshima kwa wafalme wawili wakubwa. Kwa mtu wa Njombe yalikuwa na maana nyingine. Wangoni na Wahehe walipoacha kupigana wao kwa wao, waliokaa katikati hawakupata amani hiyo. Vikosi vya Wangoni viliendelea kupanda kutoka Songea kutafuta ng'ombe na mateka, na Wabena wengi walichukuliwa kwenda kuwa Wangoni. Upande wa kaskazini wengine waliingia chini ya Mkwawa, wakatoa kodi na vijana, na watoto wao wakakua wakijiita Wahehe. Jambo hili halijapewa uzito unaostahili: sehemu ya nguvu iliyokuja kuwashangaza Wajerumani ilikuwa nguvu ya Wabena.

Mkwawa aliitawala nchi kwa wanzagila, wakuu wa maeneo aliowateua mwenyewe. Baadhi walikuwa ndugu zake na wakwe zake. Wengine walitoka katika koo zilizoshindwa, na mabinti zao walikuwa wake wa mtwa. Mwanzagila alikusanya kodi, aliamua mashauri na kuleta watu vita ilipoitishwa, na aliyeshukiwa aliondolewa. Pembe za ndovu zilikwenda pwani, nguo, bunduki na baruti zikarudi. Kalenga, kando ya mto Ruaha Mdogo, ikazungushiwa ukuta wa mawe.

Misafara ya pwani na uvamizi wa Wahehe huko Usagara ndivyo vilivyowakutanisha na Wajerumani. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, jeshi la Emil von Zelewski lilivamiwa njiani na kuangamizwa, naye mwenyewe akauawa. Miaka mitatu baadaye, tarehe 30 Oktoba 1894, Gavana Friedrich von Schele aliivunja Kalenga kwa mizinga.

Kuanguka kwa ukoo kulifuata mistari ya ushindi wake wa zamani. Wote waliowahi kusukumwa na Munyigumba na Mkwawa walijitokeza upande wa pili: Merere alisaidiana na Wajerumani na akarudishiwa Usangu, na Kiwanga, mrithi wa Mtengela bondeni, akawa rafiki yao mkubwa. Tom von Prince, afisa wa Kijerumani aliyejenga boma la Iringa mwaka 1896, alijaribu kuutumia ukoo wenyewe. Desemba mwaka huo alimtawaza Mpangile, ndugu wa Mkwawa, na Februari 1897 akamnyonga kwa kumshuku kuwa anamsaidia kaka yake. Mkwawa alipigana msituni mpaka tarehe 19 Julai 1898, alipojiua Mlambalasi ili asikamatwe.

Ubena, kufa kwa dola ya Mkwawa kulifungua nafasi. Wamisionari wa Berlin walijenga vituo Kidugala na Yakobi, na watwa wa Njombe wakaanza kupimana nguvu upya, sasa mbele ya bwana mpya aliyedai kodi na kazi za lazima. Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vilipofika huko Septemba 1905, Mbeyela, mtwa wa Njombe, alikishambulia kituo cha Yakobi, ambacho Mchungaji Gröschel alikilinda kwa bunduki. Wahehe hawakuinuka, wengine walipigana upande wa Wajerumani. Kiwanga aliuawa mwaka huohuo akiwa upande huohuo. Ni rahisi kuwalaumu Wahehe kwa hilo, lakini walikuwa wamekwisha kupigana vita yao kwa miaka saba, na njaa ya vita hiyo ilikuwa haijasahaulika. Ubena nao ulionja njaa ya namna hiyo baada ya 1905, mashamba na maghala yalipochomwa ili kuwavunja watu.

Waingereza, waliowafuata Wajerumani, waliporudisha utawala wa asili walizitafuta koo hizohizo. Uhehe, Sapi mwana wa Mkwawa alirudishwa kwenye kiti mwaka 1926. Njombe, utawala wa asili ulikwenda kwa ukoo wa Mbeyela, ambao miaka ishirini tu nyuma ulikuwa umewindwa na serikali. Fuvu la Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani na ambalo Mkataba wa Versailles wa 1919 uliiagiza Ujerumani kulikabidhi, lilirudishwa na Gavana Edward Twining mwaka 1954 na sasa limo katika makumbusho ya Kalenga.

Tanganyika huru iliondoa mamlaka ya machifu mwaka 1963. Wakati huo mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, alikuwa tayari Spika wa Bunge, kiti alichokishika kuanzia 1962 hadi 1973 na tena kuanzia 1975 hadi 1994. Njombe na Makambako zilibaki ndani ya mkoa wa Iringa mpaka mwaka 2012, Njombe ilipofanywa mkoa wake wenyewe.