Baiskeli Ilitangulia Hema

Wasee wa Shirere, hema la sherehe likipigwa kwenye njia ya baiskeli, kuna wale husema eti ni ya siku chache tu. Zii. Hizo siku chache mwenye baiskeli anasukumwa kwa barabara ya malori.

Na baiskeli ndiyo ilianza hii maneno yote. Boda boda ilizaliwa Busia miaka ya 1960, watu wakivushwa mpaka wa Kenya na Uganda kwa keria. Pikipiki zilijaa baada ya 2008, serikali ilipotoa VAT kwa zile za chini ya 250cc. Kabla ya hapo, mgonjwa alifikaje hospitali?

Uwanja wa Bukhungu ulibeba Mashujaa Dei ya 2018, rais akiwepo. Hema lipelekwe huko.