Dinari: feza iliyobeba miungu ya Roma

Dinari ni sarafu ya feza ambayo Waroma walianza kutengeneza karibu mwaka wa 211 mbele ya Yesu. Ni kitu kidogo, chini ya gramu 5. Tangu mwanzo ilibeba miungu: upande mmoja kichwa cha Roma, mungu mke wa mji, amevaa kofia ya vita, upande wa pili mapacha Castor na Pollux juu ya farasi. Zilikuwa zinatengenezwa karibu na hekalu la Juno Moneta, na jina hilo Moneta ndilo lilizaa neno la Kifaransa « monnaie ».

Uso wa mtu angali hai haukuwekwa kwenye sarafu za mji wa Roma. Julius Caesar ndiye alivunja desturi hiyo mwaka wa 44 mbele ya Yesu, muda kidogo tu kabla ya kuuawa. Kiisha kufa, akatangazwa kuwa mungu. Augustus, aliyekuwa amefanywa mtoto wake, akaanza kujiandika kwenye sarafu kuwa mwana wa mungu.

Tiberius, aliyetawala tangu 14 mpaka 37, alifuata njia ileile. Dinari yake inamuita mwana wa Augustus aliye mungu. Nyuma kuna mwanamke ameketi na tawi mkononi, pamoja na cheo cha kuhani mkuu. Wataalamu wengi wanaona ni dinari hiyo ndiyo Yesu alionyeshwa Yerusalemu alipoulizwa juu ya kodi. Watu wanasoma habari ile sawa vile ni ya kodi tu, kumbe mtego ulikuwa mkali zaidi: Myahudi, aliyekatazwa sanamu, alikuwa anashika mkononi sanamu ya mtu anayejiita mwana wa mungu mwingine. Na kuikwepa haikuwa rahisi. Katika Injili ya Matayo, dinari moja ndiyo malipo ya kibarua kwa siku nzima shambani.

Miaka 100 hivi baadaye, Wayahudi waliasi pamoja na Bar Kokhba (132-135). Dinari za Roma hawakuzitupa. Walizigonga upya kwa mihuri yao: kishada cha zabibu, kinubi, tawi la mtende, maneno juu ya uhuru wa Yerusalemu. Kwenye zingine, alama za uso wa Kaisari zingali zinaonekana chini ya herufi za Kiebrania.